Mtu wa Juu ya Gogo

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike mama yako. Kanga yake ya kazini bado iko msumarini, na unga wa mbao kwenye pindo.

Jana nilirudi shimoni kupasua mbao, gogo limelazwa juu ya shimo na mimi chini yake kama zamani. Jirani yetu fundi makochi alisimama juu ya gogo, mahali pa mama yako, akanung'unika, "Mzee, mimi nimezoea vitu vya kukalia, si kusimama juu kama jogoo." Nilicheka, lakini kazi iliharibika, na kosa ni langu. Wajua aliye chini huvuta tu. Kuupandisha msumeno ni kazi ya aliye juu, maana ndiye anayeona mstari. Sikumwamini, nikausukuma juu mwenyewe. Msumeno ukapinda. Miaka yote na mama yako sikuwahi kusukuma.

Mbona husemi habari za yale maumivu ya tumbo lako?

Baba yako

21 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo wako umepoa baada ya kazi ya shimoni. Mimi si mzima, nisikufiche. Ni uvimbe, na umekua. Alhamisi ijayo nafanyiwa upasuaji. Daktari ni mpole, lakini akisema "tutajitahidi" anaangalia dirishani.

Mwenye nyumba ninayopanga ananipandishia uji mpaka chumbani. "Kunywa, dada, kisu hakipendi mtu mwembamba." Nakunywa, natapika.

Ninaomba, Baba. Lakini nikishasema amina naanza upya kuwaza itakuwaje. Nami nasukuma, kama wewe. Mama angeniambia nini?

Binti yako

24 Machi

Mwanangu,

Salamu. Nampa dereva wa lori la mbao barua hii ili ikuwahi kabla ya Alhamisi.

Mama yako hakuwa mtu wa maneno mengi. Kule shimoni unga ulinijaa macho hata nisione vidole vyangu. Nikiuliza, "Tuko mstarini?" alijibu, "Wewe vuta." Basi. Watu walinicheka eti nimekaliwa na mke. Niliwaambia waje wazitazame mbao zangu.

Nguvu za kuupandisha msumeno huu wako sina, na wewe huna. Mungu anazo. Vuta zamu yako: meza uji, toa mkono wakuchome sindano. Kisha legeza. Sikwambii utapona, maana mstari siuoni. Nakwambia yupo juu, na hajachoka.

Baba yako

30 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta. Mvua imevunja daraja, na tangu hapo hakuna lori wala habari. Sijui hata kama ile ya mwisho ilikuwahi. Hii nampa mtu anayejaribu kuzunguka kwa miguu. Mimi mwenyewe nilijaribu, magoti yakanirudisha.

Msumeno nimeunyoosha kwa nyundo, taratibu. Jana fundi makochi alipanda tena. Macho yalinijaa, sijui ni unga au ni kilio. Nikauliza, "Tuko mstarini?" Akasema, "Mzee, mimi ndiyo kwanza najifunza. Wewe vuta." Nikavuta. Msumeno uliporudi juu, nililegeza mikono. Sikusukuma. Ubao ulitoka na kigongo kimoja. Mama yako angeguna.

Ukiwa kitandani, nitumie neno moja tu. Ukiwa umetangulia kwa mama yako, mwambie nimerudi shimoni. Popote ulipo, mwanangu, unikumbuke.

Baba yako