Fulana ya Sufu

Jumanne, Juni 2003

Wiki nzima nimechambua mitumba nikitafuta fulana ya sufu laini, na leo asubuhi nikaipata. Mwaka jana nilikimbia mbio za milima ya Njombe nikiwa na fulana ya pamba. Ilipolowa jasho, baridi ikanishika, nikaacha mbio katikati.

Niliporudi kutoka mazoezini Shangani, nikakuta mama ameichemsha.

"Mtumba lazima uchemshwe, mwanangu. Hujui aliuvaa nani."

Imesinyaa hadi inamtosha mtoto wa miaka mitano. Hapa Mtwara nani amewahi kufua sufu?

Nasafiri keshokutwa kurudi kwenye mbio za Njombe, na nyingine sitapata. Lakini kinachonikera si fulana. Nilipoiona imesinyaa, kabla hata sijakasirika, nilishusha pumzi: nimepata kisingizio cha kutokwenda.