Mawese Kwenye Ringi

Jumatatu, 3 Novemba
Breki tena. Nimeigeuza baiskeli juu chini sebuleni kabla ya shifti, boksi chini yake. Mpira wa breki ya mbele, milimita mbili kutoka kwenye ringi. Wa nyuma, milimita mbili. Nilijifunza mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha kitu katika nchi hii. Mama mkwe kwenye kochi, ananitazama kama nachinja mbuzi wa mtu. Tangu atoke kambini Kibondo hajaniambia neno jema. Alitaka mkamwana Mrundi. Amepata Mkongo mwenye spana.

Jumatano, 5 Novemba
Breki zimeteleza kwenye mteremko wa stesheni. Kidogo tu. Nimekaza waya. Treni nimeiwahi, hospitali ya Westmead nimefika, wagonjwa nimewaogesha.
Mijakaranda imeanza kumwaga maua. Barabara nzima zambarau. Nikishuka naona kama napita ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeota kilima. Baiskeli yenye mikungu ya ndizi inashuka peke yake, bila mlio, haifiki chini. Nimeamka vidole vimekunjwa. Elias anacheka: "Mke wangu, hata ndotoni unafunga breki?" Sikucheka.

Ijumaa, 7 Novemba
Leo nilikaribia kufa. Niandike hivyo hivyo.
Mteremko. Basi limesimama kituoni mbele yangu. Nikabana breki zote mbili. Hazikushika. Kila kitu kikawa polepole: maua yanaelea, uso wa dereva kwenye kioo, mpole kama picha ya mtakatifu. Nikashusha mguu kama wabeba ndizi wa kwetu. Soli ikalia juu ya lami. Nimesimama hatua moja kutoka kwenye basi. Nusu ya soli imebaki barabarani.
Kazini nimepiga simu, siji. Nimerudi nikiikokota baiskeli. Nimepima: mbili, mbili. Waya mzima. Nikapitisha kidole kwenye ringi. Kikatoka chekundu. Nikanusa.
Mawese.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimemuuliza mama mkwe mbele ya Elias, kwa sauti ambayo mkamwana haitumii. Hakuona aibu.
"Nani mwingine? Mnalala, mimi naipaka hiyo kinga yako, hiyo baiskeli. Mke wa mwanangu apande baiskeli iliyopauka, watu watasema ameolewa kwa nani?"
Jumatatu aliniona naihangaikia. Tangu Jumanne anaamka kabla yangu, anaipaka kwa kipande cha kanga, spoku kwa spoku, na ringi zote. Ya marehemu mumewe aliipaka hivyo kila Jumamosi. Elias akauliza, na breki je?
"Baba yako breki yake ilikuwa sandali."
Nilikuwa na maneno tayari. Nilitaka Elias ampeleke akaishi kwa wifi yangu, wiki hii hii. Badala yake nikamwekea kiatu changu mapajani. Akapitisha kidole pale soli ilipoishia.
"Ulisimamia hapa?"
"Hapo, Mama."
Akashuka kwenye kochi, akakaa sakafuni, kiatu mkononi.
Bado nina hasira. Lakini sikumbuki nani mwingine amewahi kuamka alfajiri kwa ajili ya kitu changu.

Jumapili, 9 Novemba
Tumerudi kutoka kanisani tukafuta ringi kwa spiriti. Yeye ya nyuma, mimi ya mbele. Mipira ya breki nimeisugua kwa msasa mpaka mafuta yakaisha. Nimemwonyesha: hapa ukipaka, mimi nakufa. Kwingine kote, paka utakavyo. Akarudia mwenyewe akigusa: hapa hapana, hapa hapana. Kisha akavuta madigadi na kengele upande wake, kama mtu anayegawiwa shamba.
Kanga yake ina harufu ya jikoni kwetu, Uvira. Sikumwambia.

Jumatatu, 10 Novemba
Mteremko. Maua yamelala chini, mengine yanaanguka bado. Nikabana. Zikashika.
Nimesimama kituoni bila sababu. Hakuna basi. Kwenye kengele aliyoipaka Mama kuna mtu mdogo, ana kofia yangu ya baiskeli, anang'aa.