Hesabu ya Emsii

Jumapili, 3 Machi

Jana nimeboronga. Miaka kumi na saba ya uemsii! Kazi yenyewe ni hii tu: muziki unapanda, unapanda, mimi nahesabu kwenye maiki — nne, tatu, mbili, moja — na Fyuzi, dijei wangu, anaachia besi, watu wanaruka. Jana nikafika moja. Besi kimya. Nilikuwa nimetangulia. Ukumbi mzima mikono juu, wanatazamana. Besi ilipokuja, mikono ilishashuka. Nikacheka, nikasema tulikuwa tunawapima. Wakaamini. Fyuzi hakucheka.

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kalalamikia televisheni tena. Eti majirani wanafuatilia taarifa ya habari kupitia kwetu. Nimesema spika yake mbovu. Uongo mtupu.

Jumatano, 6 Machi

Daktari wa masikio. Chumba kama kabati, vidude masikioni, ubonyeze kitufe kila ukisikia mlio. Kulia nilibonyeza vizuri. Kushoto nikakaa, nikidhani hajaanza. Kumbe ameshamaliza.

Akauliza kazi yangu. Mshereheshaji. Wa harusi? La, wa disko, na kushoto kwangu huwa kuna spika yenye kimo changu. Akaacha kuandika. Kilichokufa hakirudi, alisema, kilichobaki nikilinde, au niache kazi. Nikamshukuru. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu muziki sebuleni. Besi naipata tumboni. Lakini ule mlio mwembamba wa juu ndio ninaouhesabia, na huo unanipotea. Binti yangu akanikuta nahesabu peke yangu. Baba, vipi? Mazoezi. Haya.

Sijamwambia mtu. Nikimwambia mke wangu, Fyuzi atajua kabla chai haijapoa — ni mdogo wake, na kwao siri haikai. Na mwenye ukumbi asijue kabisa. Jumamosi anakuja kusikiliza mazoezi, aamue kama msimu huu anatuchukua wote wawili au Fyuzi peke yake. Sina kazi nyingine ninayoijua. Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 9 Machi

Chumba cha kubadilishia nguo, saa tisa mchana. Mapumziko.

Nimefika nikakuta spika yangu iko kulia. Fundi wa sauti akasema shemeji yako kaja asubuhi, kaisukuma mwenyewe. Sikuuliza zaidi.

Nimehesabu mara tatu. Mbili zikaingia barabara. Ya tatu nikatangulia — nilijua pale pale — na besi ikaja! Mapema, imekata wimbo katikati, vibaya mno. Mwenye ukumbi akasimamisha kila kitu. Akamuuliza Fyuzi analewa mchana? Fyuzi akasema mkono umeteleza.

Hautelezagi mkono ule.

Tulipoingia humu akafunga mlango, akakaa upande wangu wa kulia.

"Shemeji, tangu mwaka juzi mimi ndiye ninayefuata hesabu yako, hata ukitangulia," akasema. "Wiki iliyopita nilichelewa tu."

Mwaka juzi! Na kila usiku nilirudi nyumbani nikijisifu.

Fundi kagonga sasa hivi. Mwenye ukumbi anamtaka Fyuzi ofisini, peke yake. Inasemekana ameshampigia dijei mwingine. Fyuzi amesimama, anajifuta mikono kwenye suruali. Nimemwambia kaa chini, naenda mimi.

Bado hajakaa.