Maharage Yote Kabla ya Zamu Yangu

Ebei, weka kitabu chini. Nimetenda dhambi hapa Kakuma na sioni padre karibu.

Tulikuwa tunacheza poka kwa kina Akai, ile ya kuweka dau la maharage badala ya pesa. Anyang akaishiwa maharage, akaweka mezani saa ya marehemu babake. SAA, Ebei!

Ilikuwa bado zamu ya Anyang kuamua, si yangu. Mimi kwa utundu wangu nikatoa sauti ya mwalimu mkuu: "Naweka maharage yote!" Sikuwa na karata ya maana mkononi. Nilitaka tu ashtuke.

Akashtuka kweli. Kwa kina Akai usipoweza kufikisha dau, unatoka. "Sina kingine cha kuongeza," akasema, akatupa karata zake. Ace mbili, karata kubwa kuliko zote. Ace mbili!

Nikasema natania. Akai akakataa: "Hapa ukisema kabla ya zamu yako, umesema. Na karata ikitupwa hairudi."

Saa ikawa yangu. Nikamrudishia, akaisukuma kwangu tena. "Umeshinda, bro. Wacha tu." Na kesho asubuhi anavuka mpaka pale Nadapal kwenda Sudan Kusini, harudi tena.

Nikamwambia pole. Niliisema kwa moyo wote, Ebei.

Wote wakacheka wakidhani ni mzaha mwingine. Hata Anyang alicheka, huku ameshika mkono wake usio na saa.