Melimeli ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimenunua melimeli! Nyeupe, laini, nyepesi — ukipumua karibu yake inatikisika. Muuza vitambaa alishika pembe yake kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya. Eti kijana, hii si ya kujifunzia. Nikamwambia mzee wangu, najifunza nini tena? Mwalimu ndiye mimi! Akacheka, akakata.

Ni ya mama. Ngozi yake siku hizi ni ganda la kitunguu. Shuka inamkwaruza, gauni la kawaida likimgusa anauma meno. Nesi kasema tumtafutie nguo laini, kwani dawa zimefika mwisho wake. Hiyo sehemu ya pili sikuisikia vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimekata bila kupima. Futi ni ya wasiojiamini! Fundi anayenifundisha kushona (tunamwita Miwani, mwenyewe hana habari) akauliza mama nimempima lini. Nikajibu, fundi, mama nimembeba machoni tangu nizaliwe. Akanitazama juu ya hiyo miwani. Akasema mkata kwa jicho hufumua kwa mkono. Methali ya kujitungia hiyo, namjua.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu tupu. Mama kavaa, kapotea humo ndani. Mabega ya gauni yameshuka hadi kwenye viwiko. Dada akaziba mdomo. Mama mwenyewe akacheka mpaka akakohoa:

"Mwanangu, hili gauni au hema? Wenzangu wa kulala nao humu wako wapi?"

Kosa nimelijua. Nilimkatia yule mama aliyekuwa ananikimbiza na kandambili mpaka barabarani — na ananikamata! Huyu wa kitandani sikuwahi kumpima.

Leo nimempima. Futi imemzunguka kifua, nyingine yote imebaki mkononi mwangu. Namba sikuiandika.

Nikachukua mkasi nipunguze. Akanishika mkono. Usikate, akasema, kunja tu ndani. Nitanenepa.

Sawa, mama.

Jumapili, 16 Machi
Nimekunja tena. Dada akaniita jikoni. Akauliza, unadhani anajidanganya yeye, au anakudanganya wewe? Nikamwambia aoshe vyombo vyake, mambo ya ufundi hayajui. Akanirushia sponji. Siku nyingine tungecheka.

Alhamisi, 20 Machi
Ulionenepa ni mshono, si mama.

Melimeli nyepesi, ndiyo, lakini ikunje, uikunje tena — kamba! Asubuhi dada alipomgeuza, ubavuni kuna mstari mwekundu, ngozi imetoka. Nguo yangu hiyo! Mimi niliyejigamba nyumba nzima kwamba hata nzi akitua atamuumiza zaidi.

Nikalipeleka gauni kwa Miwani. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa. Akapitisha kidole mshononi polepole. Kata, akasema, bakiza pa kushika uzi tu. Nikasema mama kanikataza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena ilhali safi.

"Basi kata, usimwambie."

Ijumaa, 21 Machi
Niko kando ya kitanda. Mama kajifunika kipande cha melimeli kilichobaki, macho kafumba. Nikadhani kalala. Nikakata ubavu wa kushoto wa gauni. Mkasi wangu kwenye melimeli hausikiki — ndiyo sifa yangu pale kwa Miwani.

"Umekata?"

Macho bado kafumba!

Nimekunja tu, mama.

"Haya."

Nilichokata nikakikalia. Nje watoto wa jirani wanagombania mpira. Dada yuko mlangoni na beseni, haingii, hatoki.

"Sasa kunja na kulia," mama akasema. "Kunja sana, mwanangu. Usiogope. Huko ndiko kunakouma."

Nimeushika mkasi. Nimeuweka chini kwanza, naandika. Dada ananiambia niache kuandika, mama anasikia baridi —