Samaki Nchanga Niliyemfuta

Mdogo wangu mpendwa Alfonsi,

Nimeshika kalamu tangu asubuhi hapa Nachingwea. Sijazoea kukuandikia bila kutarajia jibu lako lililojaa makosa.

Unakumbuka siku uliyokuja kutoka Nkowe ukiwa bado unanukia vichaka? Ulikuwa umewasaidia wataalamu wa afya kutega panya wa porini. Walimpasua mmoja wakakuonesha ini lake, lina mabaka meupe yaliyoachwa na minyoo. "Kaka, kumbe panya naye huugua ini!" uliniambia, na ulimsikitikia kwa dhati. Walikueleza kwamba panya hupata pia virusi vya homa ya ini. Vingine ni vya kwao tu, vingine huenda vikamfikia binadamu, na uchunguzi bado unaendelea. Kwa hiyo anayemla asimpasue kwa mikono mitupu, anawe kwa sabuni, na ampike mpaka aive kabisa.

Walikuomba uandike tangazo la kubandikwa katika zahanati, nawe ukaniletea nilisahihishe. Uliandika "samaki nchanga", jina la panya wa kuliwa ambalo sisi sote tumekua nalo. Nikalipiga mstari.

"Kwanza ni mchanga, si nchanga," nikasema. "Pili, samaki hana miguu."

"Sasa utamwitaje, Mwalimu?"

"Wanyama wagugunaji wa porini."

Ulicheka hadi ukashika ukuta. "Basi nenda shambani umwite: ewe mgugunaji, toka shimoni! Uone kama atakuitikia." Kisha ukaacha kucheka. "Kaka, binti yangu Agata yuko Chinongwe, na ni mjamzito. Mimi huko sifiki tena kwa baiskeli, kifua kinabana. Tangazo litamfikia kabla yangu. Liache neno lile."

Sikuliacha. Haukupita muda mrefu, kifua hicho kikakuondoa.

Mwezi uliopita nilikwenda Chinongwe kumjulia hali binti yako. Nilimkuta uani akipasua panya kwa mikono mitupu, kidole kimoja kikiwa na jeraha alilopata akibangua korosho. Nilimuuliza kama hakuliona tangazo katika zahanati anakokwenda kliniki.

"Nimelisoma, baba mkubwa. Linahusu wagugunaji. Sisi huku hao hatuli."

"Na hao ulionao mkononi?"

"Hawa?" Alijizuia kucheka, kwa adabu. "Hawa si samaki nchanga?"

Nilimweleza yote. Akaweka kisu chini.

"Baba alijua?"

"Alijua, na aliandika vizuri. Neno nililifuta mimi."

Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akanawa tena.

Nimeliandika upya tangazo kwa maneno yako, na muuguzi amelibandika mlangoni. Lakini Agata ana homa na uchovu usiokwisha. Muuguzi anasema huenda ni mimba tu. Hata hivyo wamemchukua damu, wameipeleka Ruangwa mjini, na majibu bado.

Alfonsi, nimesahihisha maandishi ya watu maisha yangu yote, wala sikuwahi kumwomba radhi hata mmoja wao. Wewe ninakuomba. Ninakuomba leo, kabla majibu hayajarudi, usije ukadhani kwamba nilisubiri kwanza kujua ukubwa wa kosa langu.

Pumzika kwa amani.

Kaka yako mkubwa