Jina la Odhiambo Kwenye Mizani

Igogo, Jumatano. Wadudu wa ziwani wametanda juu ya maji kama moshi, upepo hakuna. Sijisikii vizuri.

Leo tena Odhiambo ameleta sangara.

Odhiambo alizama mwezi uliopita. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Hapa kiwandani wabebaji huleta samaki na kutaja namba ya mtumbwi tu. Mzee Masanja wa mizani anaiingiza kwenye kompyuta, jina linatokea, naye analiita kwa sauti ili mwenye samaki aje ashuhudie uzito. Jana liliitwa la Odhiambo. Leo likaitwa tena. Masanja akaja ofisini kwangu.

"Binti, mashine yako inaita wafu. Mimi simo."

Programu ni yangu. Nilicheka.

Ningeendelea kucheka kama mke wa Odhiambo asingekuwa getini. Mama Achieng' amekuja na shati la mumewe, limepigwa pasi. Kwao Rorya, mtu akipotelea majini bila mwili kupatikana, huzikwa tunda refu la mti wa mwegea badala yake. Tunda lilishachumwa. Lakini jana watu walimpelekea habari kwamba jina limeitwa, akawakatalia mashemeji zake: huwezi kumzika mtu anayeleta samaki.

Nilikaa na programu mpaka mchana. Mitumbwi ya enzi za ushirika ina namba zinazoanza na sifuri. Wa Odhiambo ni 047. Hii mipya ya watu binafsi haina sifuri, na jana asubuhi tulisajili 47. Mwenye huo mtumbwi ni mgeni hapa, kumbe alikuwa nje akisubiri kuitwa. Mahali pamoja niliiweka namba kama maandishi, mahali pengine nikaisoma kama hesabu. Lugha ya kompyuta niliyoandikia programu haikuuliza kitu. Iligeuza kimyakimya, ikaitupa sifuri, ikatoa jina la kwanza ililolikuta.

Chuoni niliichukia Pascal, lugha nyingine ya kuandikia programu. Unaiambia mapema hiki ni neno, kile ni hesabu, na ukivichanganya inagoma, hata ulie. Niliiona kama mwalimu wa zamu. Leo nimeitamani. Ingenigomea ofisini, nikiwa peke yangu, ningesonya, ningerekebisha, basi. Hii niliyotumia, pole, inayokubali kila kitu, imeniacha nikosee mbele ya mjane.

Naona aibu. Naogopa pia, sijui kwa nini.

Nitaiandika upya yote kwa Pascal, hilo nimeshaamua. Lakini kwanza nilitoka nikamwamkia mama wa watu, nikamwambia mashine imekosea, samaki ni wa mtu mwingine.

Hakulia. Aliuliza kama namba ya mumewe bado imo. Nikamwambia imo, nimeitenganisha, haitaingiliana na nyingine tena.

"Basi mwiteni mara moja tu, mwanangu," alisema. "Asipokuja, nitawaruhusu wazike."

Masanja alikataa. Nilimsihi mpaka akakubali. Akabonyeza sifuri, nne, saba, jina likatokea, la kweli safari hii. Akaliita kuelekea ziwani.

Nami ninayejua kila mstari wa ile programu, niligeuka haraka kutazama nani anakuja.